Mkono Wenye Hina Haufunui Ukurasa

Ukishapakwa hina mikono miwili hadi viwikoni na miguu hadi magotini, wewe ni mfungwa wa saa tatu, nne. Simu hushiki, kujikuna hujikuni, na maji unanyweshwa kama mtoto. Miaka kumi na moja iliyopita bi harusi mmoja alikaa hivyo kwenye mkeka wangu hapa Shela, Malindi, akachoka kuhesabu boriti za dari, akaniambia, "Dada, hebu nisomee hicho kitabu chako, nisije nikasinzia nikajifuta usoni." Nilikuwa na riwaya nimeiegemeza kwenye bakuli la hina. Nikamsomea. Mwisho wa sura ya pili nikainuka kukamua ndimu, maana hina ikianza kukauka lazima uilowanishe kwa ndimu na sukari ili ishike rangi. Kabla sijafika jikoni shangazi yake mmoja, ambaye muda wote nilidhani anasikiliza redio, akanidaka: "Unakwenda wapi? Yule mwanamume bado yuko mlangoni."

Kitabu kile kiliondoka na shangazi. Hakijarudi mpaka leo.

Tangu hapo kazi zangu ni mbili, kupaka hina na kuazimisha riwaya. Nyingi nazipata hotelini. Msimu wa wageni huitwa kuwachora piko, ile rangi nyeusi, kando ya bwawa, na wageni wakiondoka huacha vitabu vyumbani kwa sababu ya uzito wa begi. Akina mama wasafishaji huniwekea kikapuni. Disemba hadi Machi kikapu kinajaa, Julai na Agosti tena. Masika yakiingia hoteli nyingi hufunga milango, kikapu hukauka, na hapo ndipo watu wa mji hupata nafasi ya kusoma. Vya Kiswahili nanunua kwa pesa yangu nikishuka Mombasa, au namwagiza mtu anayetoka Unguja.

Haya ninayoyaandika ni kwa yule ambaye watu humjia wakamwambia "nipe kitabu kizuri", awe mwalimu, mwenye duka la vitabu, au yule msichana mmoja katika kila ukoo anayejulikana kuwa ndiye msomaji. Nitazungumzia aina tatu ninazoombwa sana: riwaya za kihistoria, za taharuki, na za imani. Za mapenzi huombwa kuliko zote, lakini hizo hazina haja ya mshauri.

Usimuulize anapenda vitabu gani

Ukimuuliza atakujibu "chochote kizuri", na hapo umekwama. Mimi huuliza: kitu gani cha mwisho kilikuchelewesha kulala? Sisemi kitabu, nasema kitu. Mama anayeniuzia mahamri alijibu kwamba ni tamthilia ya Kituruki, zile zilizotiwa sauti za Kiswahili, yenye masultani na mawaziri wanaotiliana sumu. Mama huyu anaapa kwamba yeye si msomaji. Lakini mtu aliyevumilia sehemu mia moja za fitina za ikulu, akakumbuka nani ni mtoto wa nani, huyo ni msomaji wa riwaya ya kihistoria ambaye hajakutanishwa nayo. Kijana wa tuktuk alinijibu kwamba ni simulizi ya WhatsApp, imefika sehemu ya 34 na mtunzi amekataa kutuma ya 35 mpaka atumiwe chochote kwenye simu. Huyo ni mtu wa taharuki. Anayejibu "mawaidha" au "ushuhuda", usikimbilie kumpa kitabu cha dini. Muulize kwanza mawaidha yenyewe yalihusu nini. Mara nyingi utakuta yalikuwa ya mume na mke.

Swali la pili ni unasomea wapi. Wa tuktuk anasoma kati ya abiria na abiria, anataka sura za kurasa tano, sita. Mlinzi wa usiku ana saa kumi na mbili na taa moja, huyo mpe nene. Mwenye mtoto mchanga anashika kitabu kwa mkono mmoja, kwa hiyo karatasi ngumu hapana, na herufi ndogo hapana. Hili la herufi nimelidharau mara nyingi nikajuta. Mtu wa miaka hamsini na tano akikurudishia riwaya akisema haikumvutia, mpe yenye herufi kubwa kabla hujaamini kwamba hadithi ndiyo mbovu.

La tatu: nani mwingine nyumbani atakishika? Riwaya za wageni zina majalada yenye wanawake waliovaa nusu. Ndani huenda pana hadithi safi ya mjane na bustani yake, lakini baba mkwe hatafika ndani. Mimi huyafunika majalada yote kwa vipande vya leso vilivyobaki kwa fundi, nikashona ukingo. Kwanza kitabu kinakuwa na adabu, pili hewa ya bahari hailili jalada haraka. Na tatu, hili sikulipanga, watu wameacha kuchagua kwa picha. Wanalazimika kuniuliza.

Ukishauliza, toa kimoja. Ukimwekea mtu vitano mbele yake atachukua chembamba.

Za kihistoria: anza na kitu anachopita kila siku

Malindi tuna bahati hapo. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika mwaka 1498, watoto huiona wakienda kuogelea. Magofu ya Gede hayafiki hata nusu saa kwa matatu. Mtu hahitaji kuambiwa kwamba historia ipo, anahitaji kuonyeshwa uzi unaotoka pale anaposimama ukaingia kwenye kitabu. Uzi wangu nikipendao ni twiga. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, akapokelewa kama mnyama wa baraka. Ukilisema hilo barazani lazima mtu aulize: walimpakiaje?

Hapo ndipo ninapotoa The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, iliyotoka 2019. Inaanzia kisiwani Pate, upande wa Lamu, kwa msichana Ayaana na mamake Munira, na baharia mzee aitwaye Muhidin ambaye msichana anaamua awe babake. Baadaye Ayaana anapelekwa China kwa ajili ya ule udugu wa kale unaosemwa, wa mabaharia wa Kichina ambao meli yao ilizama kule visiwani, nao wakaokoka wakaoa. Ni ya Kiingereza lakini imejaa Kiswahili. Ni nene, karibu kurasa mia tano, na haina haraka. Mwenye kutaka tarehe na vita usimpe. Wakati wa hadithi ni huu wetu, historia iko chini yake kama miamba wakati wa maji kujaa.

Nilimpa mjukuu wa bibi mmoja wa asili ya Lamu. Bibi mwenyewe husema "nipa chuo kimoya", maana kwao kitabu bado ni chuo, na riwaya hakuwahi kusoma hata moja. Lakini Inkishafi, ule utenzi wa kale, ameihifadhi yote, na Inkishafi inalia juu ya nini kama si majumba ya Pate yaliyobaki popo na buibui? Nikamwambia, bibi, hiki ni Pate ileile, watu wa siku hizi. Mjukuu alimsomea akimgeuzia kwa Kiamu jioni baada ya isha. Iliwachukua kusi nzima. Bibi alinirudishia na malalamiko mawili: kwamba wanawake wa kitabuni wanasema mno mambo yao, na kwamba kimekwisha.

Kwa anayesoma Kiswahili tu, au anayetaka kusoma Kiswahili kilichokaa sawa, Peponi haina mpinzani kwangu. Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994 kwa jina la Paradise. Baada ya yeye kupata Nobel mwaka 2021 tukaipata kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Namna ya kuipendekeza ni neno moja: rehani. Mwambie, ni mtoto wa miaka kumi na miwili, anaambiwa anakwenda kutembea na ami yake tajiri, kumbe babake anadaiwa na yeye ndiye rehani. Nyamaza. Kila mtu hapa anamjua aliyeweka shamba rehani, au dhahabu ya mkewe. Nahodha mmoja mstaafu aliyekuwa akiniambia kila mara kwamba hasomi uongo, aliichukua kwa neno hilo. Alipoirudisha hakutaja mwandishi wala Nobel. Alisema, "Yule mfanyabiashara Aziz namjua. Si yeye, lakini namjua," akakaa mpaka adhana ya magharibi akinieleza misafara aliyosimuliwa na babake.

Kwa wanaume wanaopenda vita ninayo Afterlives, ya mwandishi huyohuyo, 2020, kwa Kiingereza. Nawauliza kama wanajua kwa nini Nairobi pana Kariokor na Dar es Salaam pana Kariakoo. Jina limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Kisha nasema: hii ni habari ya vijana wetu waliopigana vita hivyo upande wa Mjerumani, na wasichana waliowangoja. Inatosha.

Sasa jambo ambalo lilinifunza kwa fimbo. Nilimwazimisha mama mmoja riwaya ya zamani za mashamba ya pwani hii, yale ya mtama na minazi yaliyolimwa na watumwa mpaka sheria ya 1907 ilipouondoa utumwa kwenye ukanda wetu. Ni riwaya nzuri, imeandikwa kwa uangalifu. Yeye akaona tamu, akawasomea watu wa nyumbani usiku. Sikujua kwamba nyumba ile imeunganisha koo mbili, na kwamba mmoja wa wale nyanya wasiotajwa alitoka kwenye mashamba yale, na mwingine asiyetajwa ndiye aliyekuwa mwenye shamba. Kitabu kilisema waziwazi jambo ambalo harusi ilikuwa imelinyamazia miaka arubaini. Walinirudishia asubuhi yake kupitia mtoto, kimefungwa kwenye gazeti. Mama yule hakuja kwangu kupaka hina sikukuu mbili.

Kitabu hicho bado nakiazimisha. Ila sasa kabla ya kukitoa nasema kinahusu nini, kwa jina lake, utumwa, nikitazama uso. Anayetaka atanyoosha mkono.

Na kuna wanaokuja kutaka riwaya ya Mekatilili wa Menza, hasa wasichana wa Kigiriama waliosoma shuleni kwamba aliwaapisha watu wakatae kodi na kazi ya Mwingereza mwaka 1913. Rafuni kwangu hiyo haipo. Usimpe mtu kitabu cha darasa la saba ukasema ni karibu sawa. Mwambie haipo, mwandike kwenye daftari.

Za njano

Wataliano riwaya ya upelelezi huiita giallo, yaani njano. Sababu ni mchapishaji Mondadori, aliyeanza mwaka 1929 kuzitoa zenye majalada ya njano, rangi ikawa jina. Malindi hilo halihitaji kufafanuliwa sana, maana vijana wetu wa ufukweni Kitaliano wanakizungumza kuliko Kiingereza. Nina rafu nzima ya njano, na wasomaji wake ni wauza vinyago na manahodha wa boti za vioo. Ukiwa na wasomaji wa lugha ambayo wewe husomi, fanya ninavyofanya: anayerudisha ananisimulia mwanzo wake kwa dakika mbili, naandika kwa penseli ndani ya jalada, na maneno hayo ndiyo ninayomwambia anayefuata.

Kwa Kiswahili kipimo changu bado ni mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Muhammed Said Abdulla alimleta kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Si mpya hata kidogo, lakini mtu wa makamo akikumbuka jina hilo uso unamfunguka, na hapo unajua aina ya taharuki anayotaka: ya akili, mazungumzo mengi, damu kidogo, mwisho watu wanakusanyika wanaelezwa. Mwingine anataka kukimbizwa. Huyo nampa Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi, ya 2009, mpelelezi anatoka Marekani kufuata mauaji mpaka Nairobi, na risasi hazichelewi. Ukiwachanganya wawili hawa utapata lawama pande zote. Kwa hiyo kabla ya kutoa taharuki uliza wazi: damu unaiweza? Watoto kuumizwa unaweza kusoma? Watu hawaoni haya kujibu, wanaona haya kurudisha kitabu nusu.

Ukiielezea, sentensi mbili. Fika pale mlango unapobishwa, usiseme nani amebisha. Ndugu yangu mmoja hushindwa hapo. Anapenda vitabu mpaka anavisimulia vyote, kisha anashangaa watu wanaondoka bila kuchukua.

Na hesabu kurasa. Narudia: hesabu kurasa. Vitabu vya mitumba vina maradhi yake, gundi hulegea kwa joto, za mwisho ndizo hutangulia kuanguka. Nilimpa kijana wa tuktuk riwaya ya mauaji ya Uingereza iliyopungua kurasa kumi na mbili za mwisho bila mimi kujua. Saa tano usiku dirisha langu likagongwa. "Dada, nani kamuua?" Mimi kitabu kile nilikuwa nimekisoma robo, nikakiacha. Kusema hivyo nikaona aibu, maana nilikuwa nimemsifia kwa maneno mengi. Nikamtungia. Nikasema ni daktari, nikampa na sababu, urithi na barua iliyochomwa, nikajipendeza mwenyewe. Akashukuru akaenda zake. Mwaka uliofuata akaja na nakala nzima aliyoipata kwa mgeni, akaniwekea mkekani, akasema, "Daktari alikufa ukurasa wa 90." Siku hizi nahesabu, na taharuki nisiyoimaliza siitoi. Yeye bado ni mteja, lakini kila nikimpa kitabu hufungua mwisho kwanza kutazama kama upo.

Mtu wa kutompa taharuki ni yule anayesubiri habari. Mwenye mgonjwa hospitalini, mwenye mume baharini siku za upepo mkali, mwenye kijana ambaye simu yake haipatikani. Atakuomba, atasema anataka kupoteza mawazo. Ana taharuki ya kutosha nyumbani. Huyo nampa ya kihistoria, ndefu, ya watu waliokufa zamani.

Za imani, nenda polepole

Wateja wangu ni Waislamu na Wakristo, mkeka mmoja. Pasaka nachora, Idi nachora. Kwa hiyo nimejifunza kupambanua riwaya ya imani na mahubiri yaliyovaa kanzu ya riwaya. Kipimo changu ni hiki: je, mcha Mungu wa kitabuni hukosea? Je, kuna siku anasali na hasikii kitu? Kama mwema ni mwema toka ukurasa wa kwanza na mwovu hana hata mama anayempenda, hayo ni mahubiri, na kwa mahubiri watu wana Ijumaa na Jumapili.

Wakati mwingine jina hufanya kazi yote. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ya mwaka 2018, naiweka uso nje, bila leso. Huwa sisemi neno. Mtu akiwa amekaa na miguu yenye hina anaisoma ile anwani mara tatu, kisha ananitazama.

Mke wa mchungaji mmoja alitaka Redeeming Love ya Francine Rivers baada ya kuona kwamba imefanyiwa filamu mwaka 2022. Kitabu chenyewe ni cha 1991, kinakichukua Kitabu cha Nabii Hosea na kukipeleka California wakati watu wanakimbilia dhahabu, miaka ya 1850. Ni ya imani na ya kihistoria kwa pamoja, kwa hiyo huwafaa wanaosema za dini zinawachosha. Nilimtahadharisha, kama ninavyomtahadharisha kila mtu: "Mama, mwanzo kuna danguro, na mambo ya danguro yamesemwa." Akanitazama juu ya miwani. "Kwani Hosea alimuoa nani, mwanangu?"

Tahadhari toa hata hivyo. Aliyeiazima baada yake aliirudisha siku ileile.

Kwa Waislamu, na hasa wanawake, ninayemwamini kuliko wote ni Leila Aboulela, Msudani anayeandika kwa Kiingereza. Watu wake husali kama watu wanavyosali, wengine wakichelewa, wengine wakilia, na mwandishi hawaombei radhi kwa msomaji yeyote. Bird Summons, ya 2019, ni safari ya wanawake watatu kwenda kuzuru kaburi la Lady Evelyn Cobbold huko Uskoti, yule mwanamke wa Kiskoti aliyehiji mwaka 1933. Inawafaa marafiki wanaosoma pamoja, maana kila mmoja atachagua wake wa kumtetea. River Spirit, ya 2023, inarudi Sudan ya wakati wa Mahdi, karne ya kumi na tisa, na hiyo naitoa kwa mtu wa historia bila hata kutaja dini.

Lakini kitabu chake ninachotaka kukisema ni Minaret, ya 2005. Alikuja kwangu mwanamke wa Maweni aliyekuwa amerudi kutoka Saudia baada ya miaka minane ya kazi za ndani. Alitaka piko ya harusi ya mdogo wake. Mikono yake ilikuwa na ngozi ngumu kwenye viungo, ile ya sabuni kali, piko inakataa kushika hapo, inabidi upitishe mara mbili. Nilipokuwa napitisha mara ya pili akaniuliza kama nina kitabu cha dini. Nikamuuliza cha namna gani. Akasema, "Kisichonishukuru kwa subira."

Sikumwelewa siku hiyo. Nilimpa kijitabu cha dua, akakipokea kwa heshima, akakirudisha kwa heshima. Hapo nikajua nimekosea, kwa sababu kitabu kilichosomwa hakirudi safi namna ile. Nikamfikiria wiki nzima. Kiingereza alikuwa nacho, alikipata kwa kuwasimamia watoto wa tajiri wake wakifanya kazi za shule. Nikamtumia ujumbe apite. Nikamwambia sentensi mbili: ni binti wa mkubwa wa serikali Khartoum, nyumba yao ikaanguka, akaishia London akiwa mtumishi kwenye nyumba ya Waarabu. Na huko ndiko alikoanza kwenda msikitini. Sikusema kinachotokea kati yake na watu wa nyumba ile.

Alikaa nacho wiki saba. Kwa kawaida wiki tatu nikiwa sijakiona nauliza, kwake sikuuliza. Aliporudi kilikuwa kimepinda mgongo na kina alama ya dole gumba pembeni mwa kurasa nyingi. Alikaa kwenye mkeka bila kutaka kuchorwa.

Usimuulize mtu kama amekipenda. Atakwambia ndiyo, kwa adabu. Uliza alisimama wapi, ukurasa gani alikiweka chini akaangalia pembeni. Nikamuuliza hivyo. Akafikiri.

"Najwa kwao walikuwa na watumishi," akasema. "Kabla hajawa mtumishi yeye. Mimi sikuwahi kuwa nao. Kwa hiyo mwanzo sikumhurumia, nilisema na aonje." Akafunua kitabu akakifunga. "Kisha akaanza kusali pale katikati ya nyumba ya watu. Hapo nikakiweka chini siku nne."

Nikaandika kwa penseli ndani ya jalada: siku nne. Jina lake sikuandika.

Akauliza kama ninacho kingine cha mwanamke huyu. Nikatazama daftari. River Spirit ilikuwapo, lakini ilikuwa kwa mke wa mchungaji, na alikuwa nayo mpaka Jumamosi. "Mwambie afanye haraka," akasema, akavua saa na pete, akanyoosha mikono. "Nichore basi nikingoja."